Wageni wa Sanduku la Nne

Dobini, 4 Februari

Mdogo wangu,

Kabla hujauliza: tuko wazima wote. Wifi yako anakusalimu. Ameamka na mafua yake ya sabuni, anapiga chafya na kila chafya ananitazama mimi kana kwamba sabuni niliivumbua. Binti yangu, yule Bibi Maswali, ameng'oka meno mawili ya mbele. Shikamoo yake anayokuletea humu ina upepo mwingi kuliko maneno. Ile mashine ya pili ya kufulia imegoma. Fundi alikuja, akaichungulia tumboni, akatikisa kichwa kama daktari, akaenda zake. Tumerudi kwenye mabeseni, na vidole vyangu sasa vimekunjamana kama vya Baba.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu sisi wawili tunaitumia kudanganyana. Uko salama? Salama. Kazi? Nzuri. Haya, kwaheri. Barua angalau huwezi kunikatia katikati.

Basi nisizunguke. Katikati ya mwezi huu inatimia miezi sita tangu tumzike Baba, na kuna kitu sijawahi kukwambia. Baba hakuanza kuumwa Agosti. Alianza Mei. Mwezi wa Mei alianguka pale kwenye meza ya kupigia pasi, nikamshika mimi mwenyewe, pasi ikaunguza shati la mtu. Akaniambia nisikwambie, kwamba uko kwenye maandalizi ya safari yako ya baharini, usichanganywe akili. Nami nikatii, mtu mzima na akili zangu. Wewe ukapanda meli Julai hujui lolote. Ujumbe wangu wa "Baba amelazwa, hali si nzuri, njoo" ulikukuta tarehe sita Agosti, ukiwa katikati ya maji. Tarehe kumi na tano akatutoka. Ningekwambia Mei, ungewahi.

Nakuomba unisamehe. Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne kabla ya hii, na zote nikazitumia kuwashia jiko la maji ya moto.

Kakako,
Dobi

*

Maabara, 27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Msalimie wifi, mwambie achemshe tangawizi na aendelee kukulaumu, maana ni dawa pia. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama maegesho ya magari, na jirani wa juu anahamisha samani kila Jumamosi, sijui anazipeleka wapi. Msimamizi wangu, Profesa, amefurahi na kazi yangu mpaka amejifunza kutamka jina langu.

Mwambie Bibi Maswali namjibu swali lake la mwaka jana: shangazi anafanya nini na konokono? Chini kabisa ya bahari, mita elfu mbili na mia sita, mahali ambapo jua halijawahi kutia mguu, sakafu ina nyufa zinazotoa maji ya moto, meusi, yanafuka kama jiko la kuni mbichi. Pembeni mwa kila ufa kuna konokono wamebanana. Wakitoka pale wanakufa, kwa sababu chakula chao chote kinatokana na yale maji. Sisi tulishusha roboti kwenye nyufa mbili. Moja tunaiita Birika, nyingine Chungu. Kutoka moja hadi nyingine ni safari ya meli ya siku nzima, na katikati ni matope ya baridi matupu.

Konokono mkubwa hahami. Anayesafiri ni mtoto wake, mdogo kuliko punje ya chumvi, anabebwa na mikondo hajui aendako, na wengi wao wanafia njiani. Swali ni hili: je, kuna watoto wa Chungu wanaofika Birika wakawa wenyeji? Kumfuata mtoto hatuwezi. Tunachofanya ni kusoma vinasaba vya wakubwa, kama wewe unavyomtazama mtu ukasema huyu lazima ni wa ukoo fulani, pua haidanganyi. Nimewasoma konokono mia moja na ishirini. Na nimepata wageni tisa! Kule Birika wako watano wenye damu ya Chungu, na Chungu wako wanne wenye damu ya Birika. Maana yake njia ipo na inapitika.

Hilo si jambo dogo. Kuna kampuni inataka kuchimba Birika kwa ajili ya madini yaliyogandia pale. Baraza la wataalamu litakaa tarehe ishirini Juni, na ripoti yangu ndiyo itakayosema kwamba Birika likichimbwa, watoto kutoka Chungu watakuja kulijaza tena. Baada ya hapo napata shahada yangu, na utalazimika kuniita Daktari.

Kuhusu lile uliloandika: nimekusamehe. Usijisumbue nalo tena.

Halafu nilitaka kukuuliza kitu kidogo tu. Hivi Baba alikuwa anafanyaje nguo ikitoka majini imekosa alama?

Mdogo wako

*

Dobini, 15 Machi

Daktari wa Konokono,

Nimeanza kukuita mapema, nizoee. Wifi yako kapona. Bibi Maswali nimemsomea barua yako mara tatu, na sasa kila mteja akiingia anaulizwa kama anajua konokono hawana miguu ila wana safari. Mashine bado imelala. Mama wa duka la vitambaa kaniletea mapazia kumi na mawili kwa mpigo, na mvua nayo kama imetumwa.

Umeniuliza swali ambalo unalijua jibu lake kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unashona alama, umekaa kwenye kile kigoda miguu haigusi chini, mimi nikichota maji. Sasa niseme kama kwa mgeni. Baba hakuamini wino. Alisema wino na sabuni wakikutana, wino ndiye anayeondoka. Kila nguo iliyoingia ilitiwa uzi ndani ya kola au kiunoni: rangi ya mteja, idadi ya mishono. Na uzi ukikatika, nguo ikawa haina mwenyewe, haikukisiwa. Ilitundikwa kwenye kamba ya yatima, ile ya ukutani nyuma ya mlango, ikae hapo mpaka mwenyewe aje kwa miguu yake aseme hii ni yangu. Hatupeleki, hatutumi mtu. Mwenyewe ndiye huja.

Umesahau mimi nilivyojifunza hilo? Nikiwa na miaka kumi na saba nilikuta suruali mbili hazina uzi. Nikajifanya mjuzi. Moja pana, moja nyembamba, nikasema pana ni ya mwalimu mkuu kwa sababu ana tumbo, nyembamba ni ya karani. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa ameugua mwaka mzima, hana tumbo tena, na karani ndiye aliyenenepa! Mwalimu alisimama mbele ya gwaride la shule akiishikilia suruali kwa mkono mmoja. Baba hakunichapa. Alinipeleka kwa wote wawili, mlango kwa mlango, na kila mlango nikasema kwa mdomo wangu: nilikisia. Hata leo nikimwona yule karani navuka barabara.

Leo kwenye kamba ya yatima kuna koti la mvua, soksi za mtoto na shuka mbili nyeupe. Mwenye shuka namjua. Hajaja tu.

Sasa na mimi nikuulize. Nimekuomba msamaha kwa ukurasa mzima, ukanisamehe kwa mstari mmoja, halafu ukaenda kwenye nguo. Sikuelewi. Bado roho haijatulia. Nakuomba tena, na safari hii nijibu kama mtu. Na siku ile ya ujumbe wangu, siku ukijisikia, nihadithie mwenyewe ilikuwaje huko melini.

Kakako

*

Maabara, 2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa, najua. Msalimie wifi. Mwambie Bibi Maswali konokono hana miguu ila ana mguu mmoja mkubwa anaoutembelea, awasahihishie wateja wake.

Acha kuniomba msamaha. Nimeshasema yamekwisha. Kila ukiandika neno hilo nashindwa kula.

Kuna jambo la kazi, na nakwambia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Tukipandisha konokono, kila mmoja anatiwa kwenye kichupa chenye spiriti ili asioze. Juu ya kifuniko unaandika kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino, ametoka ufa gani. Lakini spiriti inafuta wino kama vile sabuni yako. Kwa hiyo sheria ni kutia ndani ya kila kichupa kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu penseli haiogopi spiriti. Sheria hiyo mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi wapya. Nawahadithia mpaka habari za dobi na uzi wake, wanacheka.

Sanduku la nne halikutiwa vijikaratasi. Ndilo sanduku pekee lililochanganya: vichupa kumi na viwili vya mwisho vya Birika, kumi na viwili vya mwanzo vya Chungu. Meli iliyumba, chupa ya spiriti ikaangukia vifuniko, nikavitoa vichupa haraka nivifute, vikabiringika mezani. Nilipovikusanya, vifuniko vyote vilikuwa vyeupe kabisa. Nikaviandika upya. Niliona konokono wa Birika kwa wastani ni wakubwa kidogo. Basi walio wakubwa nikawaandika Birika, wadogo nikawaandika Chungu, hata sikuhesabu kama wametimia kumi na wawili kila upande. Suruali pana na suruali nyembamba, Kaka.

Nilijiambia nitawaondoa baadaye kwenye hesabu. Kisha Profesa akawaona wale wageni tisa, akaruka kutoka kitini, akaita watu wa chumba cha pili. Februari, siku chache kabla sijakuandikia, ndipo nilipopata ujasiri wa kuangalia wale wageni wametoka masanduku gani. Wote tisa wametoka sanduku la nne. Masanduku mengine manne hayana mgeni hata mmoja.

Nawe usinijibu haraka. Jina la Profesa liko juu ya ripoti, langu liko chini. Nikisema, miaka mitano imekwenda na maji. Nikinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua.

Mdogo wako

*

Dobini, 14 Mei

Mdogo wangu,

Wifi mzima, mtoto mzima, mashine imepona, mvua imekatika. Salamu zimekwisha.

Umesema hakuna mtu duniani atakayejua. Na mimi ni nani? Nyau? Barua umeniandikia mimi, kwa hiyo tayari tuko wawili, na wewe ulijua hivyo ulipolamba bahasha.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, maji yamechemka mpaka yakakauka. Halafu nikakaa chini ya ile kamba nikaisoma tena. Mambo ya vinasaba siyajui. Hili la kichupa kisicho na alama nalijua kuliko Profesa wako. Ulipaswa kuwatundika, basi. Konokono ishirini na nne pembeni, kila mtu awaone, mwenye kuuliza aambiwe hawa hatujui wa nani. Kazi ingebaki na tisini na sita, na ingekuwa kazi safi. Badala yake umewapeleka mlango kwa mlango na majina ya kubandika.

Bibi Maswali alikuwa anasikiliza. Akauliza: kama njia haipo, wale wa Birika wakichimbwa, nani atakuja? Nikamwambia amuulize shangazi yake. Nimemwona ananikodolea macho, anajua nimekwepa.

Miaka mitano ni mingi, sikatai. Nimekuona ukisoma kwa taa ya chumba cha pasi na moshi wote ule. Lakini usinitumie mimi kama kapu la kutupia kisha uende baraza na uso mkavu. Nikupe ruhusa ya kunyamaza? Sikupi. Nikuambie useme? Sikuambii. Una mdomo.

Na kitu kimoja. Umeandika kwamba meli iliyumba. Sawa. Nimesoma.

Kaka

*

Maabara, 9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimeandika hii nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu la vichupa, kwa sababu hapa linanguruma na mtu akipita nje hasikii kama nalia. Ni saa tano asubuhi. Wifi na mtoto nawasalimu kwa moyo wote, na nakuomba barua hii usimsomee mtoto.

Meli haikuyumba. Siku ile bahari ilikuwa imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na hakuna kikombe kilichotikisika.

Ujumbe wako ulifika saa nne asubuhi. Mpishi wetu alikuwa ameungua mkono kwa mafuta, na boti ya kumchukua ilikuwa inakuja kesho yake alfajiri. Nahodha alisikia habari za Baba, akashuka mwenyewe maabara, akaniambia kuna nafasi ya pili kwenye boti, nifungashe. Alikuwa amevua kofia. Niliyatazama masanduku. Roboti lilikuwa linashuka Chungu kwa mara ya mwisho mchana ule, na hakuna mwingine aliyejua kuwatia konokono vichupani kama mimi, au ndivyo nilivyojiambia. Nikamwambia nahodha: nitabaki, Baba ataelewa.

Akaniuliza mara mbili. Nikajibu mara mbili.

Kisha nikaenda mezani kuanza sanduku la nne. Niliikandamiza penseli mpaka ikavunjika, nikaona vijikaratasi nitatia baadaye. Chupa ya spiriti niliipiga mimi kwa kiwiko. Nilipoona vifuniko vyeupe, sikuwa na nguvu ya kukiri kwa mtu kwamba nimemwacha Baba kwa ajili ya kazi, na sasa hata hiyo kazi nimeiharibu. Nikashika makapeni.

Ulipopiga simu baada ya mazishi nikakwambia hakukuwa na chombo. Nilidhani ni uongo wa siku moja. Halafu Februari ukaniomba msamaha. Wewe! Uliyembeba, uliyemlisha, uliyemgeuza kitandani. Na mimi nikakuandikia "nimekusamehe". Nimefanya mabaya kadhaa katika maisha yangu lakini lile ndilo siwezi kulitazama. Niliona mzigo wako nikafurahi, maana mradi wewe una hatia, yangu haitafutwi. Ndiyo sababu nilikuwa siwezi kula.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Profesa. Nilisimama, sikukaa. Nikasema: nilikisia. Akadhani nimekosea hesabu, nikarudia: vichupa ishirini na vinne, sikujua ni vya wapi, nilikisia. Akafunga kompyuta yake taratibu, akaniambia nitoke. Mpaka leo hanisemeshi. Barua yangu kwa baraza nimeipeleka kwa mkono, nikasaini kitabu cha mapokezi. Wametuma jibu fupi kwamba kikao cha tarehe ishirini kimeahirishwa. Wataamua nini baadaye, sijui. Shahada yangu imesimamishwa, na wanafunzi wapya nimeondolewa.

Usiku uliopita sikulala, leo asubuhi nimewatoa wale ishirini na wanne na kupiga hesabu upya. Hakuna mgeni hata mmoja, Kaka. Birika ni ukoo wake na Chungu ni ukoo wake, na kwa jinsi walivyoachana, imepita miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu tangu mtoto wa huku afike kule. Mjibu Bibi Maswali: hakuna atakayekuja.

Sikuombi kitu. Nimetaka tu ujue kwamba huna hatia uliyoniomba nikusamehe, na kwamba sikuwa na haki ya kukusamehe.

Mdogo wako

*

Dobini, 28 Juni

Mdogo wangu,

Wifi yako mzima, ila macho yamevimba, na safari hii si sabuni. Nilimsomea yeye. Mtoto sikumsomea, nimemjibu swali lake tu. Akasema basi wasichimbe. Nikamwambia shangazi yako amekwenda kuwaambia.

Nilijua habari za boti.

Siku ileile ya ujumbe, watu wa ofisi yako walipiga simu hapa dobini. Mwanamke mmoja mpole sana. Akasema mdogo wenu ana nafasi kwenye boti ya kesho, siku ya tatu atakuwa hapo, mjiandae kumpokea. Nilikwenda wodini nikikimbia. Nikamwambia Baba anakuja, siku tatu. Unajua alifanya nini? Aliniambia nirudi nyumbani nikafue shuka za kitanda chako, zile nyeupe mbili, nizitie buluu kidogo na wanga, nizipige pasi mara mbili. Alinieleza na joto la pasi, mimi, dobi mwenzake. Kwa siku mbili alikuwa anataka kunyolewa.

Siku ya tatu nilipiga simu ofisini kwenu. Yule mwanamke hakuwa mpole tena, alikuwa anaona aibu. Akasema, alibaki. Nilisimama kwenye ukumbi wa hospitali sijui nikae au niende. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika nikaingia. Baba akatazama nyuma yangu. Nikamwambia boti haikufika, hakukuwa na chombo. Akasema, basi masikini, atakuwa anahangaika huko. Akakuhurumia wewe. Mpaka siku ya tisa, alipotutoka, alikuwa anakuhurumia wewe, mtoto wa watu uliyekosa usafiri.

Kwa hiyo uongo huo ni wangu kwanza. Wewe ulikuja kunipa ukiwa umeshatumika. Niliusikia kwenye simu baada ya mazishi, neno kwa neno. Nikajiambia huyu anastahili nimseme, na mimi nitamsemaje? Nilimdanganya baba yangu akiwa anakufa, nikamnyima kujua, nikamnyima hata kukasirika. Labda angekasirika. Labda angesema acha amalize kazi yake. Hatutajua, mimi na wewe, na aliyefanya tusijue ni mimi.

Lile la Mei nilikuandikia kwa sababu lilikuwa rahisi. Nilidhani nikilitaja dogo, wewe utakataa, utasema hapana Kaka, ilikuwa hivi, na mimi nitapata pa kusemea langu. Badala yake ukanisamehe! Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaomba tena. Tumekaa miezi mitano tunapitishiana kitu hiki kama pasi iliyoshika moto, kila mmoja anaogopa kuishika kwenye mpini.

Umefanya vizuri kwa Profesa. Baba angekusindikiza. Nimefikiria ulivyosimama pale bila kukaa, nikamkumbuka yule karani, na leo asubuhi nilipomwona sikuvuka barabara. Nilimsalimu. Hakukumbuka suruali hata kidogo, shetani yule.

Sasa sikiliza. Mimi sijakusamehe. Nimejaribu kuandika nimekusamehe na mkono umekataa, na bora ukatae kuliko nikupe mstari mmoja kama ulionipa. Na wewe usinisamehe kwa barua, maana sitaipokea.

Zile shuka mbili ziko hapa. Vitu vya nyumbani kwetu havikuwahi kutiwa uzi, unajua, kwa hiyo Baba alipofariki sikuwa na pa kuziweka. Nilizitundika kwenye kamba ya yatima. Nimezifua mara nne tangu hapo kwa sababu ya vumbi, na kila mara nimezitia buluu kidogo na wanga, na pasi mara mbili, kwa joto lilelile aliloniambia.

Usiniombe nizitume.

Kakako